Sekunde Kumi za Nne Kilo Zulu

Fomu ya kurithi alama ya wito ina kurasa sita, na katika kurasa zote sita hakuna mahali pa kuandika kwamba mtu amekufa. Nilizipitia mara mbili pale dirishani, nimesimama, foleni inanipumulia kisogoni. Ukurasa wa nne unauliza sababu ya mwenye leseni wa awali kuacha kuitumia, na unatoa visanduku vitatu vya kuweka tiki: amejitoa mwenyewe, amefungiwa, amehama nchi.

"Baba yangu amekufa," nilimwambia karani.

Karani alivaa sweta la bluu lililotoboka kiwiko. Hakunitajia jina lake wala mimi sikumuuliza, kwa hiyo moyoni nikamwita Bwana Sweta. Alinitazama kwa huruma ya kazini, ile wanayopewa siku moja na kitambulisho.

"Pole sana, dada. Weka amehama nchi."

"Hajahama. Amekufa."

"Nakuelewa. Lakini kompyuta ikikuta visanduku vyote vitatu vitupu inaikataa. Ukiandika pembeni kwa kalamu, bosi anairudisha. Weka amehama nchi, twende mbele."

Nikaweka tiki. Nilitarajia angalau hasira, maana hasira ni kitu ambacho sijawahi kupungukiwa. Haikuja. Mimi ni fundi wa meno bandia, na daktari wetu yuko chumba cha pili. Kila siku nawaona wagonjwa wakitoka kwake na sindano ya ganzi, wanajigusa shavu kwa kidole kuhakikisha kama bado lipo. Ndivyo nilivyokuwa tangu mazishi, mwili mzima, mwezi wa kumi sasa.

Baba alikuwa mtu wa redio ya ridhaa. Ni wale watu wanaozungumza na wenzao hewani kwa mitambo yao wenyewe, bila ujira, kwa kupenda tu, na wakimpata mtu wa mbali hufurahi kana kwamba wamemzaa. Kila mmoja hupewa na serikali alama yake ya wito, herufi na tarakimu ambazo hakuna mwingine aliye nazo. Ya baba iliishia na 4KZ, ambayo hewani husomwa Nne Kilo Zulu. Mama alikuwa akimtania kwamba pale ofisini walimpima kwanza ndipo wakampa, maana baba alikuwa mwembamba mno. "Kilo nne," alikuwa akisema, "tena na viatu."

Leseni yake iliisha muda wiki moja baada ya yeye mwenyewe. Kwa mujibu wa kanuni, leseni isiyohuishwa huachwa mwaka mmoja, kisha alama hufutwa kwenye orodha na kupewa wa kwanza anayeisubiri. Kabla ya hapo mtoto anaweza kuirithi, mradi afaulu mtihani, mama yake aweke saini ya kuridhia, na mkaguzi aje kuuona mtambo. Nilikuwa nimebakiwa na wiki tisa.

Mimi binafsi nisingehangaika. Aliyenituma ni mama, na alinituma kwa maneno mawili tu: "Wasimfute."

Iko hivi. Kila siku saa kumi na moja jioni, mzee mmoja mstaafu wa upimaji ardhi, tuliyezoea kumwita Kapteni ingawa hajawahi kukanyaga hata mtumbwi, hufungua mkutano wa hewani. Anaita alama moja baada ya nyingine kwa kufuata orodha ya serikali, na kila mmoja ana sekunde kumi za kuitika. Anayenyamaza anarukwa. Kapteni alilibeba jeneza la baba, mbele, upande wa kulia, na jioni ileile aliita Nne Kilo Zulu kama kawaida, akangoja sekunde kumi, akaendelea. Nilimpigia simu kumuuliza kama ana akili timamu.

"Binti yangu, mimi nafuata orodha," alinijibu. "Alama ikiwamo, naiita. Sina mamlaka ya kumfuta mtu."

Kusikiliza hakuhitaji leseni. Mama akawa anaingia chumba cha baba dakika tano kabla, mikono ameshanawa, anavuta kigoda, anawasha mtambo. Kapteni akiita Nne Kilo Zulu, mama anazitumia zile sekunde kumi. Anaongea. Habonyezi kitu chochote, anaongea tu na kile kisanduku cha chuma: maji yamerudi, jirani kanunua jogoo asiyejua saa, kitasa cha mlango wa nyuma kimekaza tena. Zikiisha anasema "Haya," anazima, anakwenda jikoni.

Neno lenyewe hakulitamka hata mara moja. Kwa waliokuja kutoa pole alisema mumewe hayupo. Kwa mtu wa bima alisema ameondoka. Shangazi alimwambia wifi yake amezidi, mwisho utamdhuru. Mama akamuuliza kama ataongeza chai.

Nilipomletea fomu aweke saini, alianza ukurasa wa kwanza akisoma kwa kidole. Kwenye ule wa nne kidole kikasimama.

"Kahama nchi?"

"Ndivyo walivyosema tuandike."

Akafunua ukurasa na kusaini.

Mtihani ulikuwa na sehemu mbili, kanuni na ufundi. Nilisomea kwenye daftari la baba, saa za mapumziko, mbele ya safu ya meno ya watu yanayokauka. Baba alinitaka nifanye mtihani huohuo nilipokuwa na miaka kumi na sita. Alikuwa ameshanijazia fomu. Nilimwambia hayo ni mambo ya wazee wasio na simu, akacheka, akaikunja fomu akaitia mfuko wa shati. Niliyakumbuka hayo nikiwa kwenye ukurasa wa antena, nikangoja yaniume, hayakuniuma, nikaendelea na antena.

Kwenye kanuni ya kumi na nne alikuwa amepiga mistari miwili. Inasema kwamba mtu asiye na leseni anaruhusiwa kuzungumza hewani ikiwa mwenye leseni yuko hapohapo, ametaja alama yake na kumsimamia. Pembeni baba aliandika kwa penseli: *Mke wangu. Hataki.* Kweli hakutaka. Miaka yote alipoitwa aje asalimie watu alijibu kutoka jikoni kwamba hana mazoea ya kuongea na ukuta.

Nilifaulu kwa alama sitini na moja. Pasi ni sitini. Bwana Sweta aliponipa matokeo alisema hongera, na alimaanisha, nami nikamshukuru kwa adabu ya mtu aliyerudishiwa mwavuli.

Mkaguzi alikuja siku ya kazi, mrefu, ana tochi na kishikio cha karatasi. Akapanda juu ya paa kuitikisa nguzo ya antena, akashuka na vumbi magotini, akapima nyaya. Mwishoni aliketi sebuleni kujaza fomu yake, na macho yake yakaangukia ile tiki ya amehama nchi.

"Mzee alihamia wapi, mama?" aliuliza, kwa mazungumzo tu.

Mama alikuwa anamenya viazi. "Si mbali," alisema.

Mkaguzi akaandika. Sijui aliandika nini.

Leseni ilitoka siku nne kabla ya mwaka kutimia. Karatasi moja ngumu, mhuri umekaa upande, jina langu, na chini yake ile alama ya baba. Nyuma kulikuwa na masharti kwa herufi za kutesa macho: leseni mpya itumike hewani ndani ya siku thelathini, la sivyo itabatilishwa na alama kufutwa. Ushahidi ni daftari la anayeongoza mkutano. Maana yake, Kapteni aniite, niitike, aandike.

Nikaona ni jambo dogo. Jioni ya kwanza nilitoka kazini mapema, nikakaa kwenye kiti cha baba na kipaza sauti mkononi, mama kwenye kigoda chake. Tulikuwa kama watu waliopeleka kesi mahakamani wakashinda. Kapteni akaanza kuita.

"Nne Kilo Zulu."

Nikainua kidole gumba nibonyeze kitufe cha kuongelea. Hapohapo mama, kwa mazoea ya mwaka mzima, akafungua kinywa: "Yule mkaguzi kaacha tochi yake—" Akakatiza. Alitazama kidole changu, nami nikamtazama yeye. Sekunde zikapita zote. Kapteni akaruka kwenda kwa mwingine.

"Ukimjibu," mama alisema, "mimi nitasema saa ngapi?"

Hatukuwa tumeliwaza hilo, sisi wawili, katika wiki zote zile za mihuri na viazi. Nisipoitika, alama inafutwa na mama hatamsikia tena mtu akimwita mumewe. Nikiitika, zile sekunde kumi zinakuwa zangu. Nilikuwa nimemhangaikia mama kwa miezi miwili ili nimnyang'anye kitu pekee alichobakiwa nacho, tena kwa leseni.

"Sema leo," nilimwambia. "Zipo siku thelathini."

Akasema siku ile, na ya pili, na ya kumi. Nilikaa pembeni na kipaza sauti mapajani, nikisikiliza habari za tochi na jogoo. Kila jioni nilijiambia kesho. Sikuwa na huzuni. Niliona tu siku zikipungua, kama mtu anavyoona chumvi inapungua kwenye kopo.

Siku ya ishirini na tisa Kapteni alinipigia simu kliniki.

"Binti yangu, kesho ndiyo ya mwisho. Nimekuita nikakuita. Nakupenda kama wanangu, lakini siwezi kuandika nisichokisikia."

"Najua, Kapteni."

"Mama yako anasemaje?"

"Anasema mengi," nikamwambia. "Kila siku sekunde kumi."

Akakata simu.

Jioni iliyofuata mama alichelewa kuingia. Alikuja amebadilisha kitenge, ametia mafuta mikononi, akakaa. Nilikuwa nimeamua: nitaitika, halafu tutaona. Sikuwa na mpango mwingine. Kapteni akawaita wa mwanzo, wakaitika mmojammoja kwa sauti zao za kikohozi, na mama alikuwa amekaza macho kwenye ile taa ndogo ya kijani.

"Nne Kilo Zulu."

Nikabonyeza. "Nne Kilo Zulu, nipo." Ilikuwa sauti yangu, kavu, ya kumwita mgonjwa wa zamu. Nilimwona mama akishtuka mabega. Nikamaliza pumzi yangu bila kuachia kitufe, na ndipo ile mistari miwili ya penseli ikanijia. "Nina mtu hapa asiye na leseni. Namsimamia."

Nikamsogezea kipaza sauti mdomoni.

Nilidhani ataniambia hana mazoea ya kuongea na ukuta. Alikishika kwa mikono miwili, juu ya mkono wangu, na mikono yake ilikuwa inateleza kwa mafuta.

"Mimi ni mkewe," alisema. "Kwenye karatasi zenu wameandika amehama nchi. Hakuhama. Mume wangu amekufa. Amekufa mwaka jana, na nilikuwa sijasema."

Aliondoa mikono. Nikaachia kitufe.

Mtambo ukawa unavuma peke yake. Wale wazee wote walikuwa wanalijua jambo hilo, nusu yao walilila pilau la mazishi, lakini hakuna aliyeingilia. Kisha tukamsikia Kapteni akipekua kurasa.

"Nimepokea, mama," alisema. "Naandika. Naandika vilevile ulivyosema." Tukasikia kalamu kabisa, au nilidhani nimeisikia. "Saa kumi na moja na dakika tisa. Pole, mama. Pole sana." Akakohoa. "Na Nne Kilo Zulu wa sasa, nilikusikia. Karibu. Sema neno lako."

Nikabonyeza. Nilikuwa na maneno mepesi kabisa, ahsante, nawasikia vizuri, jioni njema. Nikafungua kinywa, na kilichotoka hakikuwa neno. Kilianzia chini ya mbavu, na kikauma, kikauma kwelikweli, mwaka mzima kwa mpigo mmoja. Nikamwona baba anakunja ile fomu anaitia mfuko wa shati, anacheka ili nisione kuwa ameumia. Niling'ang'ania kitufe nikilia bila sauti, nisijue hata namna ya kukiachia, mpaka mama akanitoa kidole mwenyewe.

"Nne Kilo Zulu," alisema Kapteni taratibu, "nimeona kwenye kipimo kwamba upo, sauti tu ndiyo siisikii. Una sekunde zako kumi."

Mama akasogeza kigoda akanishika mgongo. Sekunde kumi zikapita, zikapita na nyingine, na Kapteni hakumwita mtu mwingine.