Viti vya Sehemu ya Tatu

Asubuhi moja meneja wa sinema alimwita fundi wa viti akamwingiza ukumbini. Taa zote zilikuwa zimewashwa, na kwenye mwanga ule ukumbi ulionekana ulivyo: zulia limechanika, bisi zimekanyagwa zikawa unga, na hapa na pale sponji linachungulia kupitia kitambaa chekundu. Fundi alidhani ameitiwa kitambaa.

"Kitambaa kitasubiri," meneja alisema. "Kaa hapo kwanza."

Fundi akakaa. Kiti kikavuta pumzi kwa hofu, kikasema, "Mungu wangu, anakufa kweli," kisha kikapenga kamasi. Fundi akainuka, nacho kikanyamaza. Akakaa tena, kikaanza upya.

"Vyote viko hivi?"

"Vyote. Tangu tulipoanza kuonyesha sehemu ya tatu."

Filamu yenyewe ilikuwa Taji la Chumvi. Sehemu ya kwanza ilipita salama, ya pili vilevile. Lakini hii ya mwisho watu walikuwa wameisubiri miaka, na yote waliyokuwa wameyabana vifuani waliyamwaga humo ndani kwa mkupuo mmoja, sponji likanywa. Ndivyo alivyoeleza meneja, na fundi hakuona sababu ya kubisha, maana sponji kunywa ndiyo tabia yake. Kilichomuuma meneja ni biashara. Mtu ananunua tiketi, anakaa, na kabla taa hazijazimwa kiti kimeshamwambia nani anakufa na nani anatawazwa.

Fundi alianza kazi siku hiyohiyo. Alikuwa bingwa wa kazi yake, na alikuwa mtu wa kushuku. Akipewa chai hunusa kwanza. Jirani akimsalimu kwa uchangamfu, hujiuliza kutwa nzima jirani yule anataka nini. Mwenyewe tabia hiyo aliiita kuwa macho.

Alifungua skrubu za viti, akavitoa viwiliviwili kama vilivyoungwa kwa chuma, akang'oa pini za kitambaa kwa koleo. Kabla ya kuchana alikibonyeza kila kiti kwa kiganja ili ajue sponji lipi limekufa na lipi linafaa. Chini ya kiganja viti havikusema yote, vilitoa vipande tu. Kimoja kilikoroma muda wote wa vita. Kimoja kililalamika mwanzo hadi mwisho kwamba kitabuni haikuwa hivyo. Kingine, cha safu ya katikati, kilisema, "Hapa ndipo anapomsaliti kaka yake, subirini muone," na kilichofuata kilikuwa kishindo cha kofi. Fundi alicheka, akasogea safu ya nyuma.

Kwenye viti viwili vya ukutani aliweka kiganja juu ya cha kwanza, nacho kikatoa kwikwi.

Mkewe alikuwa na kwikwi yake. Tangu enzi za uchumba, akicheka sana humshika: mbili za harakaharaka, kimya, halafu moja ndefu inayopanda juu kama swali. Fundi alimpendea kwikwi ile, ingawa hajawahi kumwambia. Na ndiyo hiyo iliyotoka kwenye kiti, mbili, kimya, moja.

Akabaki ameinama. Nyumbani mkewe hakuwa amecheka tangu mwaka juzi, binti yao alipofariki kwa homa. Walipotoka kuzika, fundi aliwakalisha watu wa nyumba yake akawaambia machozi hayamrudishi mtu: jina lisitajwe tena, na kilio asikisikie chini ya paa lake. Nguo za mtoto alizifunga akazigawa mbali. Mkewe alikuwa akiitwa kwa jina la yule binti, mama wa fulani, kama wanawake wote. Kuanzia siku ile mumewe alimwita "wewe." Nyumba ikatulia, na fundi aliamini amewaokoa.

Kumbe kicheko hakikuisha, kilihamia huku. Tena na nani? Kati ya viti vile viwili palikuwa na mkono mmoja wa kuegemea, umelainika kwa kushikwa. Akabonyeza kiti cha pili. Kikahema kwa uzito, kikanong'ona, "Nipo. Nipo hapa."

Kunong'ona hakuna mume wala mke, lakini fundi alisikia mwanamume. Angekaa angesikia zaidi, ila hilo hakulikubali hata kidogo. Hawezi kukalia joto la dume lenzake.

Jioni alimkuta mkewe anakunja nguo.

"Wewe, hii filamu inayosemwa mji mzima umeiona?"

"Filamu niende na nani, mimi?"

Fundi hakuwa amemuuliza na nani. Akalitia hilo akilini.

"Mwache mwenzio," alidakia mama yake kutoka kwenye kigoda, akichambua mchele. "Kutwa nzima yuko na mimi. Ataiona saa ngapi?"

Fundi alimtazama mama yake kwa huruma. Utu uzima wote ule, na bado anazungukwa mchana kweupe.

Wiki hiyo alichunguza wanaume. Kila aliyekutana naye pale sinema alimsalimu "Upo?" ili ajibu "Nipo," kisha akaipima sauti. Mkata tiketi alijibu kwa sauti nyembamba. Mwendesha mitambo alijibu huku anatafuna. Muuza bisi, bwana mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, alijibu vizuri mno, na fundi akaanza kumuuliza upo asubuhi, mchana na jioni, hadi bwana yule akaenda kumweleza meneja kwamba fundi wenu anampenda kupita kiasi. Nyumbani fundi hakula vizuri. Aliogopa, na hilo hakumwambia mtu. Alikuwa ameshamzika mtoto, na sasa aliona mke naye anamponyoka.

Jumamosi mchana alivipakia vile viti viwili kwenye mkokoteni, akavisukuma hadi nyumbani, akaviweka katikati ya sebule. Akawaita wote wawili.

"Mama, nataka uwe shahidi."

"Shahidi wa nini?"

"Utasikia." Akamgeukia mkewe. "Wewe, kaa."

Mkewe aliviangalia viti, akavitambua. "Nikae wapi?"

"Hapo ulipozoea."

Akakaa. Fundi alikuwa anamtafutia mama yake stuli, lakini mama akasema, "Na mimi nisimame mpaka lini, na magoti haya?" Akajikalia kwenye kile cha pili, akajiegemeza vizuri, akaweka mkono pale palipolainika.

Kiti cha mke ndicho kilichotangulia. Hakikucheka. Kilianza kulia polepole, kwa kujizuia, kisha kikaachia. Ilikuwa pale kwenye filamu binti mbeba kengele anapoanguka mbele ya lango, maana muziki wa filamu nao ulisikika kwa mbali nyuma ya kilio. Kilikuwa kilio kirefu cha mtu aliyekaa nacho miaka. Kilipokaribia kwisha ikaja kwikwi: mbili za harakaharaka, kimya, halafu moja ndefu. Fundi alikuwa hajui kwamba kwikwi ile huja na kilio pia. Hakuwahi kumsikia mkewe akilia.

Kiti cha pili kikahema. "Nipo," kilisema, kwa sauti ya mama yake. "Nipo hapa. Lia, mwanangu." Kikamwita mama wa yule binti, na jina kikalitaja lote, taratibu, mara mbili. "Mlilie mtoto wetu. Huku mumeo hasikii."

Mkewe aliangalia mikono yake. Mama alimwangalia mwanawe usoni.

Fundi akashusha pumzi. Rangi ikamrudia.

"Kumbe ni Mama!" alisema. "Na mimi wiki nzima nimemwandama muuza bisi wa watu bure!" Akacheka, akajifuta jasho kwa kiganja. "Basi yamekwisha. Hakuna mwanamume."

"Umesikia lakini?" mkewe aliuliza.

"Nimesikia vizuri sana. Ni Mama." Akakigonga kiti mgongoni kwa ujuzi. "Jumatatu nitavitia sponji gumu, lile lisilonywa kitu. Haya, wewe, chakula kiko tayari? Leo nina njaa."

Mkewe akainuka kwenda jikoni, na kiti chake kikanyamaza. Mama hakuinuka. Kiti chake kilipofika mwisho kilianza tena, nipo, nipo hapa, na jina, na fundi akavuta meza karibu, akanawa mikono. Mkewe akaleta sahani, akaiweka, akasimama kando.

"Huku hasikii," kiti kikasema.

Fundi alikula kwa hamu, na alipofika katikati ya sahani akaomba aongezewe mchuzi.