Mara ya Pili Kwenye Tuta

Saa kumi na dakika nne alasiri, Jumapili tarehe 6 Desemba 1987, mwamuzi Mirabal aliinama akapangusa kwa brashi kituo cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji, na mchezo wa besiboli ukaanza katika uwanja wa mji wa Barahona.

Radhamés Peguero alikuwa na siku kumi na mbili tangu awe meneja wa timu ya Barahona. Kabla ya hapo alikuwa mdakaji kwa miaka kumi na tisa, mtu wa kuchutama nyuma ya mpigaji na kuipokea mipira ya mrushaji: michezo sitini na mmoja katika ligi kubwa ya Marekani, mingine yote katika ligi ndogo za huko na, kila msimu wa baridi, hapa nyumbani. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia viliwahi kuvunjika, kimoja mara mbili.

Chini yake timu ilikuwa imepoteza michezo mitano kati ya sita. Ijumaa, mwenye timu, Don Abelardo Féliz, alimjia akasema naye wima, bila hata kuvuta kiti.

“Ukifungwa Jumapili, Jumatatu anakuja yule Mvenezuela kushika nafasi yako. Nimeshaongea naye. Usinichukie.”

“Sikuchukii, Don Abelardo. Nafasi ya kukuchukia sina, nina mchezo Jumapili.”

Kipindi cha tisa, cha mwisho, Barahona waliongoza tatu kwa mbili. Wageni walikuwa na mtu mmoja kituo cha kwanza, na mmoja wao alikwisha kutolewa. Wakitolewa wawili zaidi, mchezo umekwisha. Mrushaji, Wascar Medrano, kijana wa miaka ishirini na moja, alikuwa akijifuta jasho mkono usiotoka jasho. Radhamés akaenda kwenye tuta anaposimama mrushaji, akamwambia arushe chini, akarudi.

Wascar akarusha juu. Mpigaji akaupiga, na sasa wageni walikuwa na watu kituo cha kwanza na cha tatu.

Radhamés akaanza kutembea tena. Quilvio, mdakaji wa sasa, alimwona akainua viganja vyote viwili. Radhamés alidhani anaomba watu watulie. Quilvio akatikisa kichwa. Radhamés alidhani anakataa aina ya mpira. Alipofika kwenye tuta ndipo akamkuta Mirabal naye amefika.

“Meneja, hii ni ya pili.”

“Ya pili ya nini?”

“Ya pili kuja hapa kipindi hiki, kwa mrushaji huyu huyu. Anatoka.”

“Sijasema hata neno.”

“Sheria haihesabu maneno, Peguero. Inahesabu safari.”

Aliijua. Lakini mdakaji huenda kwenye tuta kila anapotaka, na miguu yake haikuwa imeambiwa kwamba imebadilisha kazi.

“Peguero,” mtu akapaza sauti jukwaani, “na kitanda wakuletee hapo hapo?”

Uwanja ukacheka. Quilvio akaficha uso nyuma ya glavu.

Mrushaji aliyebaki ni Bienvenido Cuevas, miaka arobaini na moja, rafiki yake tangu ujana. Katika siku zote kumi na mbili Radhamés hakuwa amempa hata mpira mmoja. Cuevas alikuja polepole, akikung'uta maganda ya karanga kifuani.

“Siku kumi na mbili hunioni, compadre. Nilidhani nimekufa, nikawa naogopa kuuliza.”

“Niliogopa watasema nampendelea rafiki.”

“Na leo?”

“Leo mwamuzi ndiye aliyekupendelea. Rusha chini.”

“Nilikuwa narusha chini wakati wewe bado unadakia kwa pua. Nenda kakae, kabla hujafika mara ya tatu.”

Alipewa mipira minane ya kupasha mkono moto. Aliitumia mitano, akasema inatosha.

Mpira wa kwanza kwa mpigaji ulipita polepole, nje, na mpigaji akauacha. Wa pili ulishuka chini ya magoti. Mpigaji aliufuata, akaugonga upande wake wa juu, nao ukabiringika moja kwa moja kwa mlinzi wa kati. Huyu akautupa kituo cha pili: wametolewa wawili. Kutoka pale ukatupwa kituo cha kwanza, na mpigaji alikuwa bado ana hatua moja na nusu kufika. Mirabal akainua ngumi: wa tatu naye ametolewa. Ilikuwa saa moja kasoro dakika tisa.

Wascar ndiye aliyemfikia Cuevas wa kwanza, akamnyanyua, wakaanguka wote wawili. Radhamés alivuka mstari, akasita, akamtazama Mirabal.

“Sasa nenda tu,” Mirabal akasema. “Mchezo umekwisha.”

Saa moja na dakika ishirini, katika ofisi iliyo chini ya jukwaa, Don Abelardo alipiga simu Maracaibo, akamwomba Mvenezuela radhi, akamwambia asifunge mizigo.