Jiwe la Kusugulia Miguu

Mume wangu Abdurahman alikuwa muuza ng'onda. Akipeleka samaki wakavu Kinango, akirudi na mawe. Wallahi, mawe! Samaki wanakwenda, mawe yanakuja, nami nimekaa nangoja unga. Aliyaokota kwenye makorongo huko bara, yamejiviringa kama kata ya kubebea mtungi, akayapanga chini ya kitanda chetu mpaka ufagio haupiti. Nilimwambia, "Baba Chiku, wanaume wenzako huongeza mke. Wewe umeoa changarawe." Akacheka, akaendelea kuyapangusa.

Alilolipenda kuliko yote lilikuwa kubwa kama sahani ya pilau, lenye mbavu mbilimbili na vijistari vilivyopindapinda kama ukingo wa jani. Usiku alilishika akilipapasa. Hamu yake ilikuwa moja: aje mtu mwenye kujua, amwambie lile jiwe lilikuwa kiumbe gani.

Kisha nikaugua. Nikalazwa hospitali kule Msambweni, mpaka ndugu zangu wakaanza kunong'onezana mlangoni. Mungu akanirudisha. Nilipofika nyumbani, jiwe kubwa halipo! Msikiti wetu ulikuwa ukijengewa birika jipya la kutawadhia, naye Baba Chiku alikuwa amelitoa likazwe kwa saruji kando ya birika, watu wasugulie miguu. Nikajisemea, alhamdulillahi, kelele zangu zimemwingia. Nikafagia chini ya kitanda kwa raha zangu.

Miaka ikapita. Juzijuzi binti yetu Chiku, anayefanya kazi hotelini Diani, akampelekea mtaalamu mmoja wa Nairobi picha zote za mawe ya babake, za zamani na za sasa. Mtaalamu akajibu upesi kwamba anakuja. Baba Chiku akanyoa, akavaa kanzu yake ya Idi.

Alikuja mwanamke, jina lake Judy. "Shikamoo, mama." Nikamwitikia, nikamtandikia mkeka. Akatoa kioo cha kukuzia, akaanza kutueleza. Hawa ni jamaa ya pweza na ngisi, waliishi ndani ya makombe haya zamani mno, bahari ilipokuwa imefika huko bara. Kombe lilikuwa na vyumba ndani, na ile mistari ni mipaka ya vyumba. Kila aina ina mistari yake, na ndiyo inayoitambulisha. Akashika jiwe mojamoja akilitaja jina, na Baba Chiku akirudia nyuma yake kama mtoto wa chuo cha Kurani. Sijamwona na furaha ile hata siku ya harusi yetu.

"Na hili, mzee?" Judy akamwonyesha picha kwenye simu. "Nimekuja kwa ajili ya hili. Sijapata kuona mfano wake. Lakini picha haitoshi, lazima niione mistari."

Baba Chiku akavaa makubadhi, akatuongoza mpaka kwenye birika.

Judy alipiga magoti, akalimwagia jiwe maji, akapitisha kidole. Hapana kitu. Miguu ya mtaa mzima, na mchanga wake na matope yake, ilikuwa imelila mpaka limekuwa laini kama kipande cha sabuni. Akapapasa saruji iliyolizunguka. Kisha akasema, "Upande wa chini, uliozama kwenye saruji, huenda mistari ingalipo."

Imamu wetu, maalim Abubakar, alikuwa amesimama karibu. "Basi tutaweka jiwe jingine," akasema. "Kamati niachieni mimi. Muiteni fundi."

Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Lakini Baba Chiku akatikisa kichwa. "Hapana, maalim. Hili ni la nadhiri."

"Nadhiri ya nini?" nikamuuliza.

Hakunitazama. "Ulipolazwa. Nilisema Mungu akikurudisha, nitatoa ninachokipenda kuliko vyote nilivyo navyo."

Lo! Miaka yote ile sikujua. Hasira zikanipanda. "Basi si nimerudi! Mzima, nala, nagomba! Lichimbueni!"

"Ndiyo sababu halichimbuliwi," akasema.

"Mzee," Judy akasema kwa upole, "bila ya hivyo sitaweza kulipatia jina."

"Najua, mwanangu. Ahsante kwa kuja."

Judy aliondoka baada ya chakula cha mchana. Baba Chiku aliketi ukingoni mwa kitanda na kanzu yake ya Idi, hata hakuivua. Nikamletea chai. Hakuigusa.

"Mama Chiku," akasema, "ningalijua, ningaliahidi mbuzi."

"Na Mungu angalikurudishia mke wa bei ya mbuzi," nikamtania.

Hakucheka. Machozi yakamtoka, yeye ambaye hata alipomzika mamake alijikaza. Nilitaka kumpa pole, nikaona haya. Ningempa pole kwa mdomo gani, na ni mimi niliyemkosesha jina la jiwe lake?