Bega la Arlette

Bantu ba muji wa Baraka banasema mi Furaha sina machozi. Baseme. Miaka sita natengeneza afishi za matanga ku kompyuta mu kibanda changu pembeni ya soko: picha ya marehemu, mawingu, mwanga wa kutoka juu, njiwa wawili, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa. Dada yangu Arlette ndiye peke yake alizikwa bila afishi, na mi ndiye nilimunyima.

Si kwa roho mbaya. Nilianza ile afishi siku ileile homa ilimuondoa. Nikaweka picha, jina, mwaka wa kuzaliwa. Nilipofika ku tarehe ya kufa, vidole vikakataa, nikaihifadhi ile kazi, nikafunga. Picha nzuri ya Arlette iko mu ile kazi tu, maana simu yake ilianguka mu ziwa. Tangu siku hiyo, miezi minne, sisikii kitu mu roho. Nakula, nalala, basi. Kazi za matanga zote nazikataa, na kazi ingine haijakuja.

Mama yetu iko Fizi. Ananipigia kila asubuhi. "Furaha, Jumapili, Siku ya Mungu, tunaondoa matanga. Afishi iko wapi? Tuyaondoe bila uso wa mutoto wangu?" Namujibu mashine imeharibika. Anakata simu bila kunigombeza, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Ijumaa akaingia Yasini. Baba yake iko na boti tatu. Yeye iko na wazimu wa muziki.

"Da Furaha, naanzisha gazeti la muziki. Nitengenezee jalada, namba ya kwanza namuweka Gentille. Saa sita pikipiki inaenda Uvira, ku bachapaji."

"Si kazi ya matanga?"

"Matanga gani? Ule musichana akiimba hata bambuzi banacheza!"

Nikakubali. Sasa, mu kazi yetu hakuna anayeanza na ukurasa mweupe. Betri ya sola haikungojei. Unafungua kazi ya mwisho, unalaza picha mupya juu ya ile ya zamani, unabadilisha maandishi, umemaliza. Mukono wangu unajua hiyo njia. Macho yakiwa ku dirisha, nikafungua kazi ya mwisho, nikaleta picha ya Gentille na gitaa yake, nikamukata polepole kuzunguka nywele, nikamulaza. Jina la gazeti nikaliandika juu, rangi ya njano. Ilikuwa kama kumenya mihogo ya jirani.

Saa tano Gentille mwenyewe akaja kujiona. Akainama nyuma yangu, akapiga makofi.

"Yoo! Da Furaha, umeniua!"

"Nini?"

"Mawingu! Njiwa! Mama akiona hii, bajirani batamuletea kuni na maharagwe ya kilio! Mi niko muzima, nimekula bugali sasa hivi!"

Ningecheka, lakini kicheko sikukipata. "Nitaondoa," nikasema. Nikaondoa njiwa. Nikaondoa mawingu, yale ya nyuma na yale ya mbele.

"Na hili?"

Nyuma ya shingo yake, pale mawingu ya mbele yalikuwa yanafunika, bega lilikuwa limetokea. Bega la kitenge cha bluu, chenye ndege wa kijani.

"Bega la mutu mumoja," nikasema. "Nafuta."

"Furaha. Mi niliimba pembeni ya hilo bega miaka tatu mu kwaya."

Nje, Yasini alianza kupiga honi ya pikipiki. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Nikibonyeza, nikihifadhi, Arlette haiko tena popote, na Mama atangoja mpaka lini? Pembeni ya kila picha kuna alama ya jicho. Ukiigusa, picha inajificha. Sikufuta. Niligusa jicho la picha ya Gentille. Gentille akapotea, gitaa na yote, na dada yangu akabaki amekaa pale, anacheka, meno ya mbele yamepandana. Chini yake: mwaka wa kuzaliwa, kistari, kisha hakuna kitu.

"Yasini anangoja," nikasema.

"Angoje." Gentille akavuta kiti, akaketi. "Ilikuwa tarehe ngapi?"

"Si unaijua?"

"Naijua. Sema we."

"Tarehe kumi na moja. Mwezi wa tatu. Saa nne asubuhi, nilikuwa namushika mukono." Vidole vikaandika. Namba ya mwisho sikuiona, macho yalikuwa yamejaa. Nikalia, jamani. Nikalia kwa sauti kubwa, bamama ba soko bakageuka. Yasini akaacha honi, akaja akasimama ku mulango.

Pikipiki ya Uvira ikaondoka bila jalada. Gentille hakuuliza habari yake. Alipiga namba ya Mama, akanishikia simu ku sikio.

"Mama," nikasema, "mashine imepona."

Kilio kilikuwa bado mu sauti yangu.

"Nasikia, mutoto wangu," Mama akasema. "Nasikia."