Kushika Mkia wa Ndoto

Kinyozi wa mtaa ule aliitwa Redio, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyempa jina hilo, kwa sababu kila mtu angeweza kumpa. Alizungumza akinoa wembe, alizungumza akipitisha mashine kisogoni mwa mteja, alizungumza akifagia nywele sakafuni, na wapita njia waliapa kwamba hata akiwa peke yake dukani walimsikia. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache. Watu walisema wanandoa hupewa kibaba kimoja cha maneno, wajue wenyewe namna ya kukigawana, na hawa walikuwa wameshagawana.

Miaka kadhaa nyuma, presha ya macho ilimshika yule fundi. Ilianzia pembeni, akawa hawaoni watu wanaomjia ubavuni. Kisha uzi ukakataa kuingia sindanoni. Kisha dirisha lenyewe likafifia, hadi siku moja akauliza kwa nini mapazia hayajafunguliwa, na mapazia yalikuwa wazi. Hakupiga kelele. Alijifunza nyumba upya kwa viganja na nyayo, akaendelea na kazi alizoziweza, mapindo na vifungo, na kukata vitambaa akamwachia mkwewe, mke wa mwanawe, aliyeingia katika nyumba ile baada ya giza. Humo ndimo alimozaliwa mjukuu wa kike, aliyeanza kusema mapema na tangu hapo hakupumzika. Babu yake alimwita Chiriku. Bibi yake alisema amepewa redio ya pili bila kuomba.

Asubuhi moja Redio alimwambia mkewe, kwa mzaha tu, kwamba alikuwa amecheka usingizini, tena akasema waziwazi, "Rangi hiyo haikupendezi." Alitarajia watacheka pamoja. Badala yake mkewe aliketi kitandani, akauliza, "Rangi gani?"

"Mimi nitajuaje? Ndoto ni yako."

Mkewe alijaribu kuikumbuka, akaikosa. Ilikuwa imeshamvuja kama maji kwenye pakacha. Lakini kilichomshika hakikuwa hasara hiyo. Tangu mwanga uondoke aliamini kwamba kwake kuona kumekwisha, ni jambo la zamani kama ujana. Kumbe alikuwa bado anaona, pengine kila usiku, na kila asubuhi aliinuka akaviacha kitandani vyote alivyoviona. Machozi yakamtoka. Mumewe alipoanza kuhangaika, alimwambia atulie, hayakuwa ya huzuni.

Siku ya kliniki alimuuliza muuguzi wa macho. Muuguzi yule, mama wa makamo aliyezoea kuulizwa habari za dawa za matone, alivuta kiti akakaa. Alimweleza kwamba ndoto ni nyepesi na haipendi vurugu. Kabla ya kulala ajiagize mwenyewe, kama anavyomwagiza mtoto dukani, kwamba kesho atakumbuka. Akiamka asijinyooshe, asigeuke, asianze kuwaza chai. Atulie palepale alipo, atafute mkia wa ndoto, yaani chochote kilichobaki: mahali, rangi, sauti ya mtu, hata hofu au furaha tu. Akiupata auvute polepole, na kitakachotoka akisimulie kwa sauti kabla hakijapoa. Asitegemee makubwa, maana anayeanza huokota makombo. La mwisho, akasema, ndilo kubwa: wakati huo mtu yeyote asimsemeshe.

Wanawake wote wawili wakamgeukia Redio, aliyekuwa amekaa kando na mkoba wa mkewe magotini.

"Nitanyamaza," akasema. "Kwani mimi ni mtu wa maneno?"

Muuguzi akacheka.

Ikawa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kuzifanya. Kwa Redio, ulimi ndio uliokuwa wa kwanza kuamka, viungo vingine vikafuata. Sasa ilimbidi alale kama gogo, macho darini, habari za mtaa mzima zimemjaa kifuani. Pua ikimwasha, hakujikuna. Kikohozi kikimjia, alikimeza. Ubavuni mwake mkewe alikuwa ametulia kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni nje, kisha alishusha pumzi na kusema, "Hakuna." Hapo ndipo Redio alipoachiliwa. Wateja wa mapema waliiona tofauti. Walisema siku hizi akifungua duka, maneno humtoka kama bomba lililokatiwa maji juzi na kurudishiwa leo.

Ikaenda hivyo, hakuna na hakuna, mpaka Redio akaanza kujiuliza kimoyomoyo kama muuguzi hakuwa amewachezea. Ndipo asubuhi moja mkewe akasema, "Nilikuwa na haraka." Haraka ya nini au ya kwenda wapi, hakujua, ila alikuwa ameikamata ile haraka yenyewe, na alitembea nayo kutwa akitabasamu. Baada ya hapo kikaja kifungo. Kilikuwa kifungo cha kijani juu ya meza, kijani kibichi kama jani lililotoka kunyeshewa. Alikisimulia kifungo hicho mpaka chai ikapoa. Redio alimsikiliza huku amemshika mkono asitake kuuachia, kwa sababu tangu mkewe aache kuona rangi hakuwa amemsikia akizitaja kwa sauti ile.

Kosa lake ni kwamba alikwenda na kifungo dukani. Kabla ya adhuhuri kila kichwa kilichokalia kiti chake kilikuwa kimekisikia, na jioni muuza mboga alimuuliza mwenye ndoto kama ameshakipatia shati. Yule mama alilipa mboga zake akarudi ndani. Asubuhi iliyofuata Redio alinyamaza kama kawaida, akangoja, na mkewe akainuka akaenda zake kuoga. Kesho yake vilevile. Alipoona mambo yanazidi, alimuuliza kwa upole kama ndoto zimekata tena.

"Zinakuja," mkewe akasema. "Ila sitaki zinyolewe."

Redio akaomba radhi, tena kwa maneno machache, jambo lililomgusa mkewe kuliko radhi yenyewe. Tangu hapo ya kitandani yakabaki kitandani.

Ndoto zikaanza kunona. Alimwona marehemu mama yake akianika nguo, midomo imebana vibanio vya kamba. Aliona ukuta wa nyumba ya utotoni, rangi imebambuka ikaacha umbo la sungura. Aliona kitambaa cha bluu kisicho na mwisho kikipita chini ya sindano. Siku nyingine alimwona Redio, naye alikuwa na nywele. Redio, ambaye kipara chake kilikuwa kimeanza zamani na kumaliza kazi mapema, aliuliza ni nyingi kiasi gani. Mkewe akasema ni nyingi, za kuhitaji kinyozi.

"Basi ziache hukohuko," akasema. "Huku zitanifungulia kazi ya bure."

Walicheka mpaka mwana wao akagonga ukuta wa chumba cha pili.

Kisha ikaja asubuhi ya Chiriku. Mkewe alipoamka hakungoja kutafuta mkia, ndoto nzima alikuwa nayo mkononi. Akasema amemwona mtoto. Uso wa mviringo, mashavu yamejaa, kidoti cheusi upande mmoja wa kidevu. Alikuwa amesimama mlangoni na gauni la njano, akamtazama bibi yake, akacheka. Alivyokuwa akisimulia, vidole vyake vilichora uso ule juu ya shuka.

"Ndiye, si ndiye?" akauliza.

Sasa Redio alikuwa na ruhusa ya kusema, na hakusema. Chiriku hakuwa na mashavu. Alikuwa na uso mrefu mwembamba wa mama yake, na masikio yaliyosimama kama vishikio vya sufuria. Kidoti hakuwa nacho. Ila Redio alikijua kidoti kile: kilikuwa cha shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyefariki angali msichana. Angeweza kusema ndiyo, na ingekuwa ndiyo tamu kuliko zote. Lakini mkewe alipokuwa anapoteza macho alimwomba jambo moja tu, kwamba asije akamwambia kitu kipo wakati hakipo, maana ataanguka.

"Hapana, mama," akasema. "Huyo ni mdogo wako."

Mkewe aligeukia ukutani. Mezani alikunywa chai bila neno, na Redio alipoaga kwenda kazini aliitikia kwa kichwa tu. Siku hiyo alinyoa watu kimya kimya, mpaka mteja mmoja akamuuliza kwa sauti ya chini kama wamefiwa. Moyo haukumkalia. Alipoona amekaribia kumkata mtu sikio, alifunga duka mchana kweupe akarudi nyumbani.

Alimkuta mkewe chumba cha cherehani, amekaa kigodani, Chiriku amesimama katikati ya magoti yake. Viganja vya bibi vilikuwa vinapita usoni mwa mtoto taratibu, kama anavyopapasa kitambaa kipya kujua nyuzi zake zinaelekea wapi kabla ya kukishona. Mtoto alikuwa hafungi mdomo. Alikuwa anamweleza kila alipogusa: hili paji, hapa nilianguka nikapata kovu, hili sikio, babu anasema ni kubwa ili nisikie pipi ikifunguliwa chumba cha pili. Bibi alilipima lile sikio kwa vidole, akalipima la pili, akasema babu yake amesema kweli.

Redio akasimama mlangoni hajui aanzie wapi. Mkewe alikuwa ameshamsikia.

"Ungesema ndiye," akamwambia, "ningekuwa nampenda mtoto mwingine kila usiku, na huyu yupo hapa ananimalizia mkate." Akaliachia sikio la mtoto. "Lakini ungengoja ninywe chai kwanza."

Kwa hiyo wakaanza upya. Kila jioni Chiriku alikaa kigodani akapapaswa, huku babu, ambaye sasa maneno yake yalikuwa na kazi, akieleza kile ambacho vidole havikifikii: weusi wa nyusi, mng'ao wa meno, namna uso unavyojikunja kabla ya kulia. Mama yake mtoto alisaidia kusahihisha pale babu alipotia chumvi. Bibi alisikiliza yote, na akilala alijiagiza.

Ndoto hazikutii. Alimwona tena mdogo wake, na safari hii alifurahi kumwona akijua ni nani, wakakaa pamoja kizingitini kama zamani. Aliota sikio peke yake. Aliota mtoto mwembamba akitembea mbele yake njiani, jua likipenya kwenye masikio yake yakawa mekundu kama taa. Hakugeuka. Redio aliposikia hiyo alishindwa kujizuia, akauliza kwa nini hakumwita.

"Nilikuwa namtazama anavyotembea," mkewe akasema. "Anatupa miguu kama wewe."

Siku ilipotimia haikuwa hata asubuhi. Redio alirudi kula mchana, njaa inamuuma, akamkuta mkewe amepitiwa na usingizi juu ya kochi, kipande cha shati bado kipo mapajani. Alizijua pumzi zake kama anavyojua mlio wa mashine yake. Akatambua kwamba yuko karibu kuamka. Wakati huohuo Chiriku akatokea mbio kutoka uani, mdomo umeshafunguka. Redio akamdaka, akaweka kidole midomoni mwake mwenyewe, akamsihi kwa macho. Mtoto alijaa maneno mpaka mashavu yakavimba, lakini alinyamaza. Wakasimama pale, babu na mjukuu, wameshikana mikono.

Mkewe hakujinyoosha. Alikaa vilevile muda mrefu, kope zimefumba, kisha akaanza kusema. Alikuwa ameota yuko hapahapa chumbani, anashona, na kila kitu kinaonekana. Mtoto aliingia akasimama mbele ya cherehani. Uso mrefu. Kovu dogo juu ya nyusi. Masikio, akasema, akatabasamu, masikio yenyewe. Ngozi kama ya mwanawe. Macho makubwa, meusi sana, kope ndefu zimelala kidogo pembeni. Akamtazama mpaka akashiba.

"Upo hapo, mwenzangu?"

"Nipo."

"Ndiye?"

Redio akamgeuza mtoto kwenye mwanga wa dirisha, akamwangalia kwa makini, kama vile naye anamwona leo. "Uso ndio. Kovu ndilo. Masikio usiseme. Macho si yake, ya kwake yana rangi ya asali, kama ya mama yake." Akamgeukia mkewe. "Hayo uliyoyaona ni yako. Yale ya zamani, tulipokutana."

Mkewe akagusa kope zake kwa ncha za vidole. Kisha akacheka polepole, akafuta uso kwa kile kipande cha shati.

"Nilisahau yalivyokuwa," akasema. "Sijayaona siku nyingi."

Uvumilivu wa Chiriku ulikuwa umefika mwisho. Akajichomoa mkononi mwa babu, akapanda kochini, akataka kujua katika hiyo ndoto yeye alikuwa anasema nini. Bibi yake akamwambia kwamba hakusema kitu, alisimama tu kimya akatabasamu.

Mtoto akafikiri. Akasema basi hakuwa yeye.

Redio alicheka mpaka akaegemea mlango. Bibi alimvuta mtoto akamlaza kifuani, akamwambia leo usiku atajaribu tena, na safari hii amwambie mapema anataka kusema nini. Chiriku akaanza papo hapo kumpangia maneno, marefu, yasiyo na nukta, na chakula kilichokuwa mezani kikapoa hakuna aliyekigusa.