Kona ya Nne

Mwalimu Pankras hakuwa mtu wa kuchukia wanafunzi, lakini asubuhi ile aliingia ofisini akiwa amechoka kweli. Aliweka mchoro mmoja mbele ya Madam Tumpe na kuugonga kwa kidole.

"Huyu Asteria mtoe kwenye uashi," alisema. "Tazama mlango aliochora. Mtu akinenepa kidogo, hapiti. Mpeleke kilimo, hesabu hazimpandi kabisa."

Tumpe alikuwa mzaliwa wa Tukuyu, aliyepangiwa shule hii ya kata kando ya ziwa, upande wa Lipingo, na kukabidhiwa hisabati za mkondo wa amali, yaani wa ufundi, darasa ambalo wenzake walilikwepa. Pankras alipotoka, Tumpe alichukua rula akaupima ule mchoro mstari baada ya mstari. Ukuta mrefu ulitakiwa uwe sentimita ishirini na nne, nao ulikuwa ishirini na tatu. Ule mfupi ulitakiwa uwe kumi na nane, ukawa kumi na saba. Mlango ulitakiwa uwe nne, ukawa tatu. Akarudia kupima, akapata vilevile. Mtu asiyejua hukosea ovyo ovyo, hapa sana, pale kidogo. Huyu kila mahali alikosea kiasi kilekile.

Baada ya vipindi alimwita. Asteria alikuwa msichana mrefu wa kidato cha pili, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa kabla hajaulizwa.

"Nipimie hii kalamu," Tumpe alimwambia.

Asteria aliweka ncha ya kalamu kwenye alama ya moja, akasoma upande wa pili. "Kumi na tano, madam."

"Kwa nini umeanzia kwenye moja?"

Msichana alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini jua huchomoza. "Si ndiyo mwanzo? Kule shule ya msingi tulikuwa na rula moja ya darasa, imevunjika kichwa. Tulianzia kwenye moja."

Tumpe alitaka kucheka, akashindwa. Miaka yote hiyo mtoto huyu alikuwa ameambiwa ni mzito, na hakuna aliyeinama kutazama anaanzia wapi. Alimwonyesha sifuri. Akamwonyesha pia kwamba katika skeli waliyotumia, sentimita moja ya karatasi ni sentimita ishirini za ukuta. Asteria alipima kalamu upya, akapata kumi na nne, kisha akaupima mchoro wake mwenyewe, polepole, midomo ikicheza.

"Kumbe," alisema, basi.

Lakini kujua sifuri hakukufuta yaliyokwisha kuharibika. Kwa kuwa majibu yake yalikuwa hayaji sawa, Asteria alikuwa ameacha zamani kusikiliza. Desimali zilimpita, vipeo vilimpita, kipeuo cha pili alikiona kama alama ya kutisha watu. Na jaribio la vitendo la uashi lilikuwa linakuja mwisho wa muhula, na mtahini wa kutoka nje.

Tumpe alitaka abaki shuleni jioni. Mama yake, Hedwiga, alikataa. Ilikuwa ni msimu wa usipa, na dagaa wale wasipogeuzwa juani huoza.

"Mwalimu, nakuheshimu," alisema, akiwa amesimama kati ya vichanja vyake vya matete. "Lakini mwenzako alishaniambia huyu kichwa chake hakishiki. Mikono yake inashika. Niachie mikono."

"Basi mikono yake ibaki hapa, Mama Asteria," Tumpe alijibu. "Kichwa nitakifuata mimi."

Hedwiga alidhani ni maneno. Kesho yake akamwona mwalimu anateremka ufukweni, kanga kiunoni. Tumpe alikuwa amekulia kwenye migomba na baridi, na harufu ya samaki ilikuwa ikimkaba koo tangu alipohamia. Alikaa palepale akigeuza usipa na kuuliza maswali.

"Tatu nukta sita mara tatu nukta sita?"

Asteria alichora kwa kijiti mchangani, akafuta kwa mguu, akachora tena. Mwanzo alikuwa akijibu kwa kubahatisha, huku akimtazama mwalimu usoni apate dalili. Tumpe akaacha kutoa dalili. Siku moja msichana alitupa kijiti.

"Mimi ni mjinga, madam. Tuache tu."

"Ule mchoro wako ulikosea sentimita moja kila mstari, bila kupungua wala kuzidi," Tumpe alisema. "Mjinga hawezi kukosea hivyo. Wewe ulikuwa sahihi, umeanzia mahali pabaya. Okota kijiti."

Asteria alikiokota. Wiki zikapita, mchanga ukachorwa na kufutwa, na Hedwiga, ambaye alijifanya hasikii, jioni moja akamsahihisha binti yake jibu bila kugeuka.

Siku ya jaribio, mtahini alikuja kutoka Mbinga, mzee mmoja mpole wa maneno machache, jina lake Edmund. Kila kundi lilitakiwa kutandika msingi wa ghala dogo kwa vigingi na kamba, mita nne nukta nane kwa tatu nukta sita. Kundi la Asteria lilipangiwa sehemu ya chini, karibu na maji. Vigingi vitatu viliingia vizuri. Cha nne kiligonga jiwe. Hamphrey, kiongozi wa kundi, alipiga nyundo mpaka kigingi kikapasuka.

"Tukisogeze pembeni kidogo tu," alisema. "Hakuna atakayeona. Wenzetu wanamaliza."

Ilikuwa kweli, makundi mengine yalikuwa yakikunja futi kamba. Tumpe, aliyekuwa amekatazwa kusema neno, aliona kichwa cha Asteria kinaanza kuinama. Kisha kikanyooka.

"Kona moja ikisogea, nyumba nzima inapinda," Asteria alisema. "Tung'oe vyote."

"Vyote?"

"Vyote. Tunahamisha msingi, hatuhamishi kona."

Waling'oa. Hamphrey alinung'unika, lakini alishika futi kamba pale alipoambiwa. Asteria alichutama mchangani, akazidisha kila upande kwa wenyewe: kumi na mbili nukta tisa sita, jumlisha ishirini na tatu nukta sifuri nne, thelathini na sita. Kipeuo chake cha pili, sita.

"Mshazari, kona hadi kona ya mkabala, uwe mita sita kamili," aliwaambia. "Huku na huku."

Mara ya kwanza mshazari mmoja ulizidi sentimita tatu. Alisogeza kigingi, akapima tena, akakagua pande zote. Mtahini alikuwa amekwisha kuja kusimama juu yao.

"Muda unakwenda, binti. Kamba si zinaonekana ziko sawa?"

"Zinaonekana, mzee. Bado sijapima mshazari wa pili."

Alipima. Mita sita kamili. Edmund akachukua futi kamba, akapima mwenyewe, akaenda kupima misingi mingine yote, kisha akarudi.

"Huu ndio msingi pekee hapa ambao ningeujengea," alimwambia Pankras. "Nani amewafundisha?"

Pankras alimtazama Tumpe, akamtazama Asteria. "Huyu binti alinishinda mimi," alikiri. "Madam ndiye ambaye hakumwacha."

Matokeo yalipotoka, Asteria alikuwa wa kwanza kwenye uashi, na hisabati amefaulu vizuri. Hedwiga alipanda shuleni na kapu la usipa waliokauka barabara, akamkabidhi Tumpe kwa mikono miwili, akapiga kigelegele kilichowatoa watoto madarasani.

Muhula uliofuata shule ilianza kujenga maktaba, na aliyepewa kutandika msingi alikuwa Asteria. Aliinama kwenye kona moja, jicho moja amelifumba, kamba imenyooka mbele yake hadi upande wa pili aliposhika Pankras.

"Vuta kidogo, mwalimu," alisema. "Zaidi. Hapo hapo."

Na Pankras akavuta.