Bomba la Nne

…nisiachie, amesema mama, hata pua ikiniwasha nisiachie, maana mabomba manane ya chuma yananing'inia kisimani chini ya spana hii niliyoishika kwa mikono miwili, nikilegea yanazama yote na pampu ndiyo basi, na bwana mradi aliyesimama kivulini na faili lake kwapani anangoja hilo hilo, ameshasema tukishindwa leo anafunga kisima kwa kufuli mpaka fundi wa mjini apatikane mwezi ujao, mwezi ujao, kana kwamba miche ya vitunguu inasoma kalenda, siku ya tatu hii haijashiba maji, imelala matutani kama wagonjwa, na mimi niliyewanyamazisha wavulana wa sheria kwenye mdahalo wa chuo hotuba yangu ninayo, hoja tatu, ya kwanza nani alichimba mitaro, ya pili nani anaamka kunyweshea, ya tatu… jasho limeniingia jichoni, "Fundi wa mjini atakuja na viatu vyake vyeupe," shangazi anasema, "sisi tunywe vumbi la gari lake," wanawake wenzake wanacheka huku wanalifungua bomba la nne, la nne, hapo ndipo mama alipochekwa jana, alisema penye ugonjwa ni bomba la nne kutoka juu, hakuna haja ya kung'oa yote kumi na mawili, bwana mradi akamwuliza, mama, una macho ya kuona chini ya ardhi, na mimi… nikubali tu, mimi nilimvuta mkono nikamnong'oneza, mama usitaje namba usiyo na hakika nayo, mimi huyu, mtetezi wa wanawake, nilimwonea aibu mama yangu mbele ya mtu mwenye faili… sasa mama amelilaza bomba mapajani, anafuta kutu kwa upindo wa gauni, shangazi ameziba mwisho mmoja kwa kiganja, mama anapuliza mwisho wa pili, kidole kinatambaa, kinatambaa, kinasimama, "Hapa," basi, hapa, kitundu kama punje ya mtama, kivulini hakuna anayecheka, mwili wangu umesisimka mpaka kisogoni na siwezi hata kujikuna, "Hebu binti msomi, tueleze," bwana mradi ananigeukia mimi, mimi, "mama yako amejuaje?" na mimi niliyezoea kudaka neno kabla halijatua namwonyesha mama kwa kidevu, "Mwulize mwenyewe," nasema, naye mama hainui hata kichwa, anakata kipande cha mpira wa baiskeli, "Bomba moja hujaa kwa mapigo kumi," anasema, "zamani asubuhi nilikuwa nikipiga mara moja tu maji yanatoka, sasa yakilala yanashuka mpaka kwenye tundu yanakoma hapo, nikiamka napiga arobaini, pampu tuliiacha siku nzima tusiiguse, bado arobaini," miaka yote hiyo mimi nasinzia huku nikisikia mkono wa pampu ukilia alfajiri, nikadhani ni kelele, kumbe mtu anapima kina cha dunia kwa bega lake… chuma ni baridi viganjani, kule chini maji yanadondoka kutoka bomba la mwisho, tone, kimya kirefu, tone, na mimi sijaachia, nayahesabu.